Vumbi, upepo na dawa za shambani Kanda ya Ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kiangazi kikishika, kuanzia Juni hadi mvua zirudi, maswali ya vumbi humiminika kutoka Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema na hata visiwani Ukerewe. Mengi huchochewa na ujumbe unaozunguka kwenye simu ukidai kwamba vumbi la jangwani lenye sumu liko njiani. Hapa yamepangwa yale yanayorudiwa zaidi, kuanzia ya msingi. Kila jibu linajitosheleza. Jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake. Tukisema "dawa" tunamaanisha viuatilifu vyote: vya wadudu, vya magugu na vya ukungu.

## Mambo ya msingi

1. Dawa niliyopiga shambani inasafirije na upepo?

Kwa njia tatu, na wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni matone: unapopiga bomba, matone madogo sana hayatui kwenye jani, yanachukuliwa na upepo papo hapo. Ya pili ni mvuke, maana baadhi ya dawa hupanda hewani kutoka kwenye majani na udongo kwa saa au siku kadhaa baada ya kupigwa, hasa jua likiwa kali.

Ya tatu ni vumbi lenyewe. Dawa nyingi haziyeyuki vizuri kwenye maji, bali hung'ang'ania chembe za udongo, hasa mfinyanzi na mboji. Jamii ya pairethroidi, yaani akina sipamethrini na lambda-sihalothrini wanaojulikana sana na wakulima wa pamba, ndiyo tabia yake. Udongo ukiinuliwa na upepo wiki au miezi baadaye, dawa iliyobaki huondoka nao.

2. Ni vumbi lipi linalobeba dawa nyingi zaidi?

Lile usiloliona vizuri. Punje za mchanga zenye upana unaozidi nusu milimita hubiringika tu chini. Za kati hurukaruka karibu na ardhi, na kila zikianguka hugonga udongo na kurusha vumbi laini juu. Chembe zisizofika hata sehemu ya ishirini ya milimita ndizo hupanda hewani na kwenda mbali, na hizo ndizo zenye mfinyanzi na mboji. Kwa hiyo kilo moja ya vumbi lililopeperuka inaweza kuwa na dawa nyingi kuliko kilo moja ya udongo uliobaki shambani.

Ndiyo sababu kutazama mchanga uliorundikana kwenye uzio na kusema "mbona ni mchanga mtupu" hakukupi jibu. Kilichobeba dawa kilishapita.

3. Vumbi la Sahara linafika Mwanza?

Hilo silo la kukuhangaisha. Sehemu kubwa ya vumbi la Sahara, likiwemo la bonde la Bodélé nchini Chad ambalo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa duniani, husukumwa magharibi kuvuka Atlantiki. Makadirio ya setilaiti yaliyotolewa na NASA mwaka 2015 yalionyesha kwamba tani zipatazo milioni 182 huondoka Afrika kuelekea magharibi kila mwaka, na takriban milioni 28 kati ya hizo huangukia bonde la Amazon. Sisi tuko upande mwingine kabisa.

Majirani wetu wa jangwa ni Chalbi na nchi kame zinazozunguka Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Huko kuna upepo wa kasi unaobanwa kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya, nao huvuma kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Vumbi lake huelekea Sudan Kusini, si Magu.

Vumbi unalopangusa mezani Ilemela au Nyamagana wakati wa kiangazi ni la nyumbani: barabara za udongo, mashamba yaliyovunwa yakaachwa wazi, malisho yaliyokwisha, njia za ng'ombe. Pepo za msimu huo hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa maana hiyo zimepita Simiyu na Shinyanga kabla ya kukufikia. Ujumbe wa simu usio na tarehe wala mahali, ufute.

4. Lakini jangwani nani analima? Dawa inatoka wapi?

Swali zuri, na jibu lake linashangaza. Watafiti waliokusanya sampuli za hewa Mali, Cabo Verde na visiwa vya Karibi wamekuta dawa za wadudu kama klorpirifosi, endosulfani na mabaki ya DDT katika hewa iliyobeba vumbi la Afrika. Vumbi hilo halitoki kwenye mchanga mtupu peke yake. Upepo hupita pia juu ya Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, ambako watu wanalima, wanapiga dawa na kuchoma taka, na huokota kila kitu njiani.

Mahali ambapo jangwa lenyewe limekuwa chanzo cha dawa ni Aral. Endelea na swali la 5.

5. Nini hasa kilitokea Bahari ya Aral?

Inaitwa bahari, lakini lilikuwa ziwa la maji ya chumvi kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Mwaka 1960 lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,000, ambao ni karibu sawa na Ziwa Victoria letu. Lilikuwa na wavuvi, viwanda vya samaki na bandari kama Moynaq.

Kisha ikaja pamba. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti ilichepusha maji ya mito miwili iliyolilisha ziwa hilo, Amu Darya na Syr Darya, ili kumwagilia mashamba makubwa jangwani. Mashamba hayo yalipigwa dawa kwa wingi: DDT, lindani, na dawa za kupukutisha majani ili mashine zivune kwa urahisi. Maji yaliyobaki mashambani yalirudi mtoni na ziwani yakiwa na chumvi na mabaki ya dawa hizo, yakatuama kwenye tope la chini.

Ziwa lilipokauka, tope hilo likaachwa juani. Mwaka 2014 sehemu ya mashariki ya Aral ya Kusini ilikauka kabisa. Leo mahali pa maji pana jangwa jipya liitwalo Aralkum, na upepo huinua kutoka humo vumbi lenye chumvi na mabaki ya dawa na kulimwaga juu ya mashamba na vijiji, hasa vya Karakalpakstan nchini Uzbekistan. Mwishoni mwa Mei 2018 dhoruba ya chumvi ilifunika mashamba ya Karakalpakstan na Khorezm wakati mazao yakiwa bado machanga.

Kumefanyika juhudi. Bwawa la Kok-Aral, lililokamilika mwaka 2005 upande wa Kazakhstan, limerudisha maji na samaki katika sehemu ndogo ya kaskazini. Kwenye sakafu iliyokauka wanapanda saksauli, kichaka cha jangwani kinachoshika mchanga. Angalia vizuri walichochagua: dawa iliyokwisha kuingia kwenye tope haiondoleki kirahisi, basi wanahangaika kuuzuia udongo usiondoke.

6. Basi Ziwa Victoria nalo litakuwa hivyo?

Hapana, si kwa njia ile. Aral ilitegemea mito miwili katikati ya jangwa, na haikuwa na pa kutokea. Ziwa Victoria hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na hutiririka kwenda Nile. Kina chake hupanda na kushuka. Kilishuka sana katikati ya miaka ya 2000, kisha Mei 2020 kikafikia kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo na maji yakaingia kwenye nyumba na mialo ya wavuvi.

Kinachofanana na Aral ni pamba na udongo uliovuliwa nguo. Hilo liko juu, vijijini, si chini ya ziwa.

## Misimu, ziwa na mwelekeo wa upepo

7. Ni miezi ipi ya kuwa makini?

Kuna vipindi vitatu, na kila kimoja kina tabu yake.

Kati ya mwishoni mwa Januari na Aprili pamba hupigwa dawa dhidi ya funza wa vitumba na vidukari. Udongo una unyevu, hivyo vumbi ni kidogo. Shida ya wakati huu ni matone na mvuke.

Kuanzia Julai hadi Oktoba mashamba yako wazi na upepo una nguvu. Hapa ndipo watu huogopa zaidi, na kwa dawa za sasa hofu huzidi kiasi. Lambda-sihalothrini kwenye udongo hupungua kwa nusu kila baada ya mwezi mmoja hivi. Iliyopigwa Machi, ikifika Agosti imebaki sehemu ndogo sana. Tahadhari moja tu: bakteria wanaoivunja dawa wanahitaji unyevu, kwa hiyo udongo uliokauka mapema huchelewesha kazi hiyo. Kwa dawa za zamani hali ni tofauti, tazama swali la 8.

Kipindi cha tatu husahauliwa: Oktoba hadi Desemba, watu wanapopiga dawa ya magugu kwenye ardhi kavu na kupanda mbegu zilizopakwa dawa (swali la 18). Dawa ni mbichi, udongo ni mkavu, upepo upo. Kama ningelazimika kuchagua kipindi kimoja cha kukesha nacho, ningechagua hiki.

8. DDT si ilipigwa marufuku? Kwa nini bado inatajwa?

Ilipigwa marufuku mashambani, lakini udongo hauna habari na sheria. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa kimataifa unaodhibiti kemikali sugu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, umeiruhusu DDT kwa ajili ya kudhibiti wadudu waenezao magonjwa tu. Lindani iliongezwa kwenye mkataba huo mwaka 2009 na endosulfani mwaka 2011. Ila DDT huvunjika polepole, na inapovunjika huacha DDE, ambayo nayo ni sugu na hujikusanya kwenye mafuta ya mwili.

Ukanda wa pamba umetumia dawa hizi kwa miongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta mabaki ya DDT na endosulfani katika sato na sangara wa upande wa kusini wa Ziwa Victoria. Udongo wa shamba la zamani la pamba ukipeperuka leo, unaweza kuwa unapeperusha dawa aliyopiga babu.

9. Nakaa karibu na ziwa. Nipige dawa saa ngapi?

Ushauri unaosikika kila mahali ni "piga asubuhi na mapema". Bara ni ushauri mzuri. Ufukweni una mtego ndani yake.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na huendelea hivyo mpaka asubuhi. Jua likipanda, kuanzia saa nne au saa tano hivi, hugeuka: sasa hutoka ziwani kuingia bara. Wavuvi wa dagaa wanaujua mgeuko huu kuliko ofisa yeyote. Maana yake ni kwamba mwenye bustani kando ya maji akipiga dawa saa moja asubuhi, yale matone yasiyotua yanaelekea ziwani moja kwa moja. Na pairethroidi, hata kidogo sana, huua samaki na wadudu wa majini.

Kwa shamba la ufukweni, jioni ndiyo nafuu mara nyingi: jua limepungua, nyuki wamerudi mizingani, na upepo wa ziwani unaodhoofika bado unasukuma kuelekea bara. Hakikisha tu huko bara hakuna nyumba, kisima wala mboga ya mtu iliyo tayari kuvunwa. Kabla ya kujaza bomba, dondosha majivu mkononi uone yanakoelekea. Majani yakicheza kidogo, piga. Matawi yakitikisika, acha. Na upepo ukisimama kabisa, acha vilevile, kwa sababu matone madogo huning'inia hewani kama ukungu kisha huhama kwa pamoja upepo unapoamka.

10. Sheria inasemaje kuhusu kulima kando ya ziwa?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto, zile zinazoweza kuharibu mazingira yake. Kila mtu anajua bustani za mchicha na nyanya zilivyosogelea maji. Kama wewe ni mmoja wao, angalau acha ukanda wa majani usiopigwa dawa upande wa ziwa, na usioshee bomba majini.

11. Dagaa wanaoanikwa chini wanaweza kuokota dawa?

Wanaokota vumbi, hilo halina ubishi. Kila aliyetafuna dagaa wa mchangani anajua. Na vumbi hilo likitoka kwenye shamba au njia inayopita karibu na mwalo, chochote lilichobeba huja nalo. Kuanika kwenye chanja za wavu zilizoinuliwa huondoa tatizo la mchanga, la kinyesi cha kuku na la sehemu kubwa ya vumbi kwa mpigo mmoja, na dagaa hao huuzika kwa bei nzuri zaidi. Osha dagaa kabla ya kupika hata hivyo.

Wengine huchanganya jambo hili na lile la mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria. Hilo lilitokana na watu kuvua kwa sumu kwa makusudi. Vumbi halikuhusika.

12. Maji ya mvua ya kwenye bati ni salama?

Mvua ya kwanza ya msimu usiikinge. Bati limekusanya vumbi la miezi minne, kinyesi cha ndege na masizi, na mvua ile ya kwanza huyaosha yote kwa pamoja kuingia kwenye simtanki. Acha paa lioshwe na mvua kubwa moja au mbili ndipo uunganishe mfereji. Katikati ya msimu, mwaga lita za mwanzo kila mvua inapoanza baada ya siku kadhaa za ukavu, hasa kama jirani amepiga dawa.

Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi dawa. Klorini pia haiondoi.

13. Vumbi linaloanguka ziwani ni kiasi gani cha kujali?

Kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa fosforasi, kirutubisho kinachostawisha magugu maji na mwani, watafiti wamekadiria kwamba zaidi ya nusu ya inayoingia Ziwa Victoria hutoka hewani, kwa vumbi, moshi na mvua, kuliko inayoletwa na mito. Ziwa ni pana, mvua inalinyeshea moja kwa moja, na kila kilichoko angani hushuka. Dawa iliyoganda kwenye vumbi hupita njia ileile.

## Mwili na chakula

14. Nitajuaje kama nimedhurika?

Vumbi la kawaida la kiangazi halileti sumu ya ghafla. Kikohozi, macho kuwasha na mafua wakati wa vumbi husababishwa kwa kawaida na vumbi lenyewe. Sumu ya ghafla humpata aliyepiga dawa, aliyepitiwa na matone, au mtoto aliyechezea chupa.

Dawa za jamii ya oganofosfati hutoa mate na machozi mengi, jasho, kichefuchefu, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kucheza na pumzi kubana. Pairethroidi huleta ngozi kuchoma na kuwasha, hasa usoni. Mtoe mtu eneo hilo, mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke kituo cha afya pamoja na kibandiko au chupa ya dawa ili daktari ajue anapambana na nini. Usimlazimishe kutapika. Maziwa si dawa ya sumu hii, hata kama jirani ataapa.

15. Barakoa inasaidia?

Ya kitambaa hupunguza vumbi kubwa tu. Lile laini la swali la 2 hupita. Barakoa ya kuchuja chembe ndogo, ikikaa vizuri usoni, hufaa kwa vumbi, lakini haizuii mvuke wa dawa. Kitambaa kilicholoana na dawa ni kibaya kuliko kutovaa kitu.

16. Vumbi limeingia ndani ya nyumba. Nifanye nini?

Lifute kwa kitambaa kibichi, usilifagie likiwa kavu. Ndani hakuna jua wala mvua wala bakteria wengi wa udongo, ndiyo maana dawa hudumu kwenye vumbi la ndani kuliko shambani. Watoto wanaotambaa ndio wanaolipata, mikononi kisha mdomoni. Nguo na viatu vya kupigia dawa vibaki nje na vifuliwe peke yake.

17. Kuosha mboga kunatosha?

Kuosha kwa maji yanayotiririka huondoa vumbi na sehemu ya dawa iliyo juu ya jani. Iliyokwisha kuingia ndani ya jani haiondoki. Kwa mboga, kinacholinda zaidi ni kuheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuvuna. Nasema bila kumung'unya maneno: mlaji wa mjini anapata dawa nyingi zaidi kwenye nyanya iliyopigwa jana kuliko kwenye vumbi la mwaka mzima.

## Kuzuia

18. Zile mbegu za pamba na mahindi zenye rangi zina shida gani?

Rangi ni onyo kwamba zimepakwa dawa. Mbegu zikisuguana kwenye mfuko, dawa hupukutika ikawa unga, na unga huo ni dawa yenyewe, haukuchanganyika na udongo. Mwaka 2008 kusini-magharibi mwa Ujerumani, unga uliopeperushwa na mashine za kupandia mahindi uliua nyuki wa maelfu ya mizinga. Sisi tunapanda kwa mkono, hivyo unga ni mdogo, lakini mikono ni yetu. Usikung'ute mfuko kwenye upepo, vaa glavu, na mfuko huo usiugeuze wa kuwekea unga wa ugali.

19. Nawezaje kuzuia udongo wangu usipeperuke?

Uache umefunikwa. Mabua ya mahindi na mtama yabaki yamelala shambani, hata yakifunika theluthi moja tu ya ardhi yanapunguza sana upepo unaogusa udongo. Shida ya kwetu ni ng'ombe: baada ya mavuno kila shamba linakuwa malisho ya wote. Wanakula mabua, kisha kwato zao zinasaga udongo. Luseni, yaani udongo wa kichanga wa vilimani, hupeperuka mapema. Mbuga nyeusi ni ngumu ikikauka, lakini pale ng'ombe wanapopita kila siku nayo hugeuka unga. Makubaliano ya kijiji juu ya njia za mifugo yana faida kuliko juhudi za mtu mmoja. Ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la majani lisilolishwa mpaka kiangazi kizito, ni kinga ya vumbi iliyokuwepo kabla hatujaanza kuandikiana maswali haya.

Pamba ina utata wake. Kanuni inataka masalia yang'olewe na kuchomwa ifikapo 15 Septemba ili kukata mzunguko wa funza, na kanuni hiyo ina maana: funza wakipungua, dawa hupungua. Lakini inaliacha shamba uchi wakati upepo ukiwa mkali. Njia ya katikati ni kulima kwa vipande: ukanda wa pamba, kisha ukanda wa mihogo au mtama unaobaki umesimama au kuacha mabua, ukikingama na upepo wa mashariki. Waulize pia watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Ukiriguru, wako Misungwi na pamba ndiyo kazi yao.

20. Nipande miti au nijenge ukuta?

Miti. Ukuta hurusha upepo juu kisha upepo huanguka nyuma yake kwa vurugu. Uzio wa mimea unaopitisha karibu nusu ya upepo huupunguza mpaka umbali wa takriban mara kumi ya urefu wake. Mijohoro ya mita tano hulinda kama mita hamsini. Panda michongoma au majani marefu chini yake, kwa sababu pasipofungwa chini upepo hupenya kwa kasi zaidi.

## Mambo ya pembeni

21. Ndege ilipita kupulizia kweleakwelea. Vumbi la hapo ni hatari?

Dawa inayotumika kwa kweleakwelea ni fenthioni, kali sana kwa ndege wote, wakiwemo kuku, na ya kuogopwa na binadamu. Hupuliziwa jioni kwenye malalo yao, mara nyingi vichakani na kwenye mafunjo. Usipite hapo siku zinazofuata, usichunge hapo, na kwa vyovyote usiokote ndege waliokufa kwa kitoweo.

22. Nalima pamba hai na jirani anapiga dawa. Nitapoteza cheti?

Wakulima wa Meatu, ambako pamba hai imelimwa tangu miaka ya 1990, wanaishi na tatizo hili. Acha ukanda wa mpaka ambao mazao yake huuzwa kando kama ya kawaida, panda uzio upande upepo unakotokea (swali la 20), na uandike tarehe jirani anapopiga dawa. Mkaguzi huangalia kumbukumbu zako kabla hajaangalia maabara. Zungumza na jirani mapema, kabla ya msimu. Akishavaa bomba mgongoni mazungumzo huwa magumu.

23. Wapi napeleka udongo kupimwa?

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) iko Arusha, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Uliza kwanza ni dawa zipi wanapima na kwa bei gani, kwa sababu hakuna kipimo kimoja cha "dawa zote". Kwa suala la vumbi chukua udongo wa juu, sentimita tano za kwanza, kutoka sehemu kadhaa za shamba na uchanganye. Weka kwenye chupa ya kioo safi, si mfuko wa plastiki, kaa nao kwenye baridi na giza mpaka ufike. Andika historia: zao, dawa, tarehe. Bila hiyo, mpimaji hajui aanzie wapi.

24. Tumepewa kiwanja palipokuwa na ghala la zamani la dawa za pamba. Tujenge?

Msijenge kwanza. Shamba moja lina dawa kidogo iliyotawanyika. Ghala lililobomoka lina nyingi mahali pamoja. Mfano unaojulikana nchini ni Vikuge, Kibaha, ambako dawa zilizotolewa msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986 ziliharibika ghalani, na miaka mingi baadaye udongo wa hapo ulikutwa na DDT na jamii ya lindani kwa kiwango kikubwa mno. Upepo na mvua husambaza udongo wa namna hiyo kila msimu.

Msichimbe, msifyeke majani yaliyoota hapo, msichunge wala kuchota udongo wa kufyatulia matofali. Toeni taarifa kwa ofisi ya mazingira ya halmashauri na kwa TPHPA kwa maandishi, mbaki na nakala. Mkisubiri majibu, zungushieni miiba na mpande majani pale palipo wazi, mkimwagilia kidogo ili yashike kabla ya Julai.